Kifungo Mbele ya Goli

Meza ile ilikuwa ya kukatia vitambaa, si ya mpira. Severina aliisubiri miaka miwili. Ilikuwa ya mninga mtupu, ndefu kama kitanda cha watu wawili, imepigwa randa hadi ukiipitishia kiganja hukwaruziki popote. Siku ilipokamilika, mumewe Manase aliwaomba wenzake wa gengi la reli waje kuibeba kutoka kwa seremala mpaka barazani kwao. Pale Itigi hapakuwa na fundi cherehani mwingine mwenye meza kama ile. Kwa hiyo siku aliyorudi kutoka bombani akakuta wanaume watatu wameizunguka, wanafyatua vizibo vya soda juu yake na kupiga kelele kama wako uwanjani, aliitua ndoo kwa kishindo maji yakamrukia miguuni.

"Nani kawaruhusu?"

Wawili walirudi nyuma. Wa tatu, Alphonce, karani wa tiketi pale stesheni, kijana mwenye ulimi laini, aliinama kidogo. "Shikamoo, mama Faith. Treni ya Tabora imechelewa. Tukasema tupumzike kidogo barazani kwako."

"Treni ikichelewa ndiyo mje kunikwangulia meza?"

"Hatukwangui, mama. Vizibo tumevisugua kwenye simenti vikawa laini. Tazama mwenyewe."

Severina aliokota kimoja akakigeuza. Kweli kilikuwa laini. Lakini alipotazama kile walichokifanya mpira akakuta ni kifungo cha shati, na kopo lake la vifungo liko wazi. Hapo alichukua ufagio, na hakuna aliyengoja kuuona ukinyanyuliwa.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Miaka michache nyuma soda ilikuwa kitu cha harusini, na hata harusini ilikuwa ya meza kuu, wengine mkanywa togwa. Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Malori yakaanza kupita na kreti, kila kibanda kikawa na soda, na vizibo vikatapakaa barabarani kama punje za mahindi baada ya kupura. Watu wa reli, ambao kazi yao nusu ni kusubiri, ndio waliovipatia kazi.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila upande una vizibo vitano vya rangi moja, na golikipa ambaye ni kiberiti kilichojazwa mchanga. Unafyatua kizibo chako kwa kidole ili kikigonge kifungo. Ukigonga kizibo cha mwenzio kwanza, hiyo faulo. Kifungo kikidondoka ukingoni kati ya alama mbili za chaki, goli. Kikidondokea kwingine, autu. Kabla mwenzio hajapiga golini, unaruhusiwa kumsogeza golikipa wako mara moja. Anayetangulia kufikisha matatu ndiye mshindi.

Akiwafukuza, wanarudi. Treni ikichelewa saa mbili, wako barazani saa mbili; ikichelewa siku nzima, anakata gauni la mtu huku amezungukwa na wanaume wanaobishana kuhusu faulo. Siku moja uvumilivu ulimwisha.

"Sikilizeni," aliwaambia. "Nitacheza na mmoja wenu. Nikimfunga, mnaondoka wote na msirudi."

"Na sisi tukikufunga?" Alphonce aliuliza.

"Mtacheza mpaka treni ifike, na sitasema neno."

Alphonce alimfunga tatu bila hata jasho kumtoka. Severina alitimiza neno lake, akanyamaza, lakini moyoni alichemka. Wiki mbili zilizofuata, kila alipomaliza kazi alipanga vizibo na kufyatua peke yake. Kidole chake cha kati kilikuwa kimesukuma sindano miaka kumi na minane, ncha yake imekomaa kama kwato ya mbuzi. Aligundua kuwa akikikunja vizuri nyuma ya kidole gumba, kizibo kinakwenda anakotaka, si kinakotaka chenyewe. Akamwita Alphonce tena, akamfunga tatu kwa moja.

Wanaume waliondoka kama walivyokubaliana. Baraza likawa kimya. Severina alikata, akashona, akapiga pasi, akatazama barabara. Siku ya tatu yeye mwenyewe alituma salamu stesheni kwamba treni ikichelewa, wasione aibu kupita.

Ndivyo alivyoingia katika mpira wa vizibo, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na mtu wa Itigi aliyemweza. Abiria walioshuka kunyoosha miguu waliletwa barazani kama watu wanaopelekwa kuona simba. Walicheka kumwona mama mwenye tepu shingoni, wakafungwa, wakarudi garini wamenuna.

Ilikuwa heri awe na jambo lile la kumfurahisha, kwa sababu kazi yake ilianza kumkatisha tamaa. Ruksa ileile iliyoleta soda ilileta mitumba. Marobota yalifunguliwa sokoni, watu wakachagua mashati na magauni yaliyoshonwa tayari na watu wasiowajua, wakampelekea Severina wakimwambia, "Mama Faith, nipunguzie kiuno hapa." Fundi aliyejua kushona suti ya harusi tangu kola hadi pindo akawa mpunguza viuno. Wakati mwingine alikuwa akifumua mshono wa shati la mtumba, anauona ulivyo mbaya, na anajua kuwa angeshona yeye lingekuwa zuri zaidi, ila hakuna aliyemwomba alishone. Hasira ile aliimalizia kwenye vizibo.

Mwaka wa tisini na moja zikaja habari kwamba Mei Mosi ya Manyoni itakuwa na mashindano ya wafanyakazi: kandanda, kuvuta kamba, bao, drafti na, kwa mara ya kwanza, mpira wa vizibo. Kikombe kingetolewa. Severina alipanda treni kwenda kuandikisha jina.

Katibu wa kamati aliitwa Leonidas, mtu mrefu aliyevaa suti ya Kaunda na kubeba kalamu tatu mfukoni. Alimsikiliza huku akiangalia karatasi zake.

"Mashindano haya ni ya wafanyakazi, mama."

"Nafanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni."

"Mfanyakazi ni mwenye mwajiri."

Severina alirudi Itigi. Wiki iliyofuata alikuja tena na barua yenye mhuri wa ushirika wa mafundi cherehani. Leonidas aliisoma mara mbili, akaitazama na kwa nyuma.

"Sawa. Lakini akina mama tumewawekea michezo yao. Kuna kukimbiza kuku, kuna kuvuta kamba."

"Nionyeshe mahali mlipoandika kwamba mwanamke haruhusiwi kucheza vizibo."

Leonidas alipekua. Hapakuwa na mahali palipoandikwa hivyo. Aliandika jina lake mwisho kabisa, chini ya mstari, kwa kalamu nyekundu.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Severina alimfunga karani wa mahakama, akamfunga mwalimu wa Mtinko, akamfunga dereva wa lori aliyekuwa akitukana kila alipokosa. Baada ya huyo wa tatu, Leonidas alisimamisha mchezo.

"Kuna malalamiko. Inasemekana huyu mama amevaa kile kikofia cha chuma cha mafundi kidoleni."

Severina aliinua mkono wake, akavitanua vidole mbele ya watu wote. Hakuna kikofia. Leonidas alikishika kidole cha kati, akakibonyeza.

"Kigumu mno hiki."

"Nikikate?" Severina aliuliza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Leonidas alikiachia.

Fainali alikutana na Mughwai, mtunza ghala aliyetoka Singida mjini, kwao Ikungi. Alikuwa mtu wa makamo, mnyamavu, mwenye tabia ya kupuliza kidole kabla ya kufyatua. Hakucheka, hakubishana faulo. Walipoanza kucheza Severina aliona mara moja kuwa huyu ni mwingine. Kila alipofunga njia, Mughwai aliona njia ya pili. Severina alifungwa la kwanza, akarudisha. Akafunga la pili, Mughwai akarudisha. Watu waliokuwa nje wakitazama kandanda walianza kuingia, wakapanda juu ya mabenchi.

Mbili kwa mbili. Mughwai alikosea, kizibo chake kikateleza kupita kifungo. Kifungo, cheupe chenye matundu manne, kilibaki shubiri moja kutoka goli la Mughwai. Kiberiti kilisimama kikiziba upande wa kushoto. Kizibo kimoja chekundu cha Mughwai kilikuwa kimejibanza pembeni, lakini nyuma yake kizibo cha Severina cha rangi ya machungwa kilikuwa na uchochoro wa upana wa vidole viwili. Aliuona uchochoro ule kama anavyoona mstari wa chaki juu ya kitambaa. Alipiga goti, akakunja kidole nyuma ya gumba. Ng'ambo ya meza Mughwai naye aliinama, anamtazama golikipa wake.

"Mgeni rasmi amefika!"

Ilikuwa sauti ya Leonidas mlangoni. Mgeni rasmi alitazamiwa saa saba, sasa ilikuwa saa tisa na nusu, na katika kumsubiri watu walikuwa wamesahau kumwandalia meza. Leonidas alikuja mbio na kitambaa cheupe kilichotariziwa maua mkononi, nyuma yake vijana wanne.

"Ondoeni hivyo vitu. Meza hii inatakiwa mbele."

"Katibu, limebaki pigo moja," Severina alisema bila kuinua kichwa.

"Mama, mgeni rasmi hasubiri."

"Pigo moja! Sijamaliza hata kusema, nitakuwa nimepiga!"

"Inueni."

Wakainua. Meza ilipanda upande mmoja kwanza, na vizibo vyote kumi vikateremka kama kokoto mlimani. Kifungo kiliruka, kikabingirika katikati ya miguu ya watu, kikapotea. Severina alibaki amepiga goti mbele ya hewa tupu, kidole bado amekikunja.

Hotuba ilikuwa ndefu. Ilihusu kuongeza uzalishaji. Mgeni rasmi aliegemea ile meza kwa viwiko, na glasi yake ya maji iliwekwa palepale kifungo kilipokuwa. Severina hakuyaondoa macho kwenye glasi hiyo mpaka mwisho. Ulipofika wakati wa zawadi, ikatangazwa kwamba katika mpira wa vizibo mshindi hakupatikana, na kikombe kilitolewa kwa washindi wa kuvuta kamba.

Mughwai alimfuata nje. "Dada, ulikuwa umenifunga."

"Sikukufunga," Severina alijibu. "Ningekufunga. Si kitu kimoja."

Mughwai aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Wakaagana.

Watu walimwambia aachane nalo. Hakuachana nalo. Alikwenda Manyoni mara ya kwanza, akaambiwa kamati haijakaa. Alikwenda mara ya pili, akaambiwa kamati ilikaa ila ajenda yake haikufikiwa. Mara ya tatu alimkuta Leonidas anafungasha majalada kwenye maboksi. Kamati imevunjwa, na yeye mwenyewe hajui atapangiwa wapi.

"Mama," Leonidas alisema, na safari hii alimtazama usoni, "ni mchezo wa vizibo."

"Kama ni mchezo wa vizibo tu," alisema Severina, "mbona ilikuwa vigumu hivyo kuniachia pigo moja?"

Leonidas aliinamia boksi lingine, na Severina hakupata nafuu yoyote kwa kumshinda kwa maneno. Alirudi Itigi kama alivyokwenda.

Usiku uleule wa Mei Mosi, kabla hajasahau, alikuwa amekunjua karatasi ya kukatia mitindo, ile ya kaki, akachora nusu ya uwanja kwa vipimo: kifungo hapa, kiberiti hapa, kizibo chekundu hapa, changu hapa. Karatasi ile aliitunza kwenye droo ya cherehani. Kila siku kabla ya kuanza kazi aliitandaza mezani, akapanga, akapiga. Lilikuwa goli. Kesho yake tena goli. Katika miaka mitatu alipiga pigo lile mara zisizohesabika, na kila lilipoingia alikasirika upya, kwa sababu lilikuwa linaingia mahali lisipohesabiwa.

Barazani nako habari ilikua. Abiria walisimuliwa jinsi mama Faith alivyodhulumiwa. Alphonce ndiye aliyekuwa msimuliaji mkuu, na kila mwaka kifungo kilisogea karibu zaidi na goli, mpaka ikawa kilikuwa kinaning'inia ukingoni, kinangoja kupuliziwa tu.

Katika miaka hiyo mengi mengine yaliharibika. Gengi la Manase lilipunguzwa, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikuja nyumbani na nyundo yake ya reli begani, akaiegemeza ukutani, akaanza kulima. Mitumba iliongezeka. Severina akaacha kabisa kuulizwa bei ya kushona gauni jipya. Manase alikuwa mtu wa kumeza mambo, lakini asubuhi moja alipomkuta mkewe ameinamia karatasi ya kaki, alisema, "Mama Faith, miaka mitatu sasa."

"Najua."

"Huyo bwana yuko wapi?"

"Ghala lao lilifungwa. Nimesikia amerudi kwao Ikungi."

"Basi mfuate. Nenda mkamalize, urudi. Nimechoka kula ugali na mtu ambaye hayupo."

Alikwenda mwezi wa sita, alizeti zikiwa zimekwisha vunwa. Treni hadi Manyoni, basi la vumbi hadi Ikungi. Chini ya kwapa alibeba karatasi ya kaki aliyoizungusha kwenye kijiti, na kwenye mkoba vizibo kumi, viberiti viwili na kifungo cheupe chenye matundu manne. Ilikuwa siku ya mnada. Aliulizia, akaelekezwa kwenye nyumba ya tembe nyuma ya soko, ambako alimkuta mwanamke akipepeta alizeti uani.

"Hodi hapa."

"Karibu, dada. Karibu ukae." Ndiye Dina, mke wa Mughwai. Alimletea kigoda na maji, akangoja mgeni anywe kabla ya kumuuliza shida yake. Aliposikia jina Severina na neno Itigi, aliuacha ungo. "Ni wewe yule wa vizibo? Amenisimulia mpaka nimechoka."

Mughwai alitoka zizini. Alikuwa amekonda, mvi zimeingia, lakini alimkumbuka papo hapo. Walisalimiana, wakaulizana za nyumbani, za mvua, za mavuno. Severina alijitahidi kungoja kiasi cha adabu. Halafu akakunjua karatasi.

"Kaka Mughwai, nimekuja tumalize."

Mughwai aliitazama ile michoro kwa muda mrefu. Kisha alikwenda stoo, akaung'oa mlango wa mbao kwenye bawaba zake, akaulaza juu ya magunia mawili ya alizeti. Severina alitoa tepu, akapima, akaweka chaki. Akapanga kila kitu kama kilivyochorwa, na nusu ya pili ya uwanja akaipanga kwa kukumbuka. Dina alisogeza kigoda.

"Tayari," Severina alisema, akapiga goti.

Mughwai alinyoosha mkono, akamsogeza golikipa wake pembeni kabisa, goli likabaki wazi kama mlango wa zizi asubuhi.

"Wewe!" Dina alisema. "Mbona unampisha mgeni?"

Severina aliinuka. "Kaka, nimetoka Itigi na vumbi lote hili. Usinifanyie hivyo."

"Dada yangu," Mughwai alisema polepole, "tangu nipunguzwe kazini nimechoka kushindana na watu. Chukua goli lako. Nakupa kwa moyo mweupe."

"Sitaki la kupewa. Ningetaka la kupewa, ningelichukua siku ile uliponipa pale nje. Cheza."

Mughwai alimtazama, akamtazama mkewe, akapangusa viganja kwenye suruali. Alimrudisha golikipa mahali palipochorwa. Kisha akainama, jicho moja amelifumba, akamsukuma kulia, upana wa kidole kimoja tu.

"Hapo hakuwepo," Severina alisema.

"Hakuwepo. Lakini ndipo ningemweka. Kanuni inaniruhusu mara moja kabla hujapiga, na siku ile nilikuwa sijamsogeza bado. Mkono wangu ulikuwa njiani alipoingia yule katibu. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza kama ningewahi."

Severina aliangalia uchochoro wake. Haukuwa tena wa vidole viwili. Katika asubuhi zote zile alimpanga golikipa akamwacha amesimama, kama vile upande ule wa meza hapakuwa na mtu. Aliijua kanuni. Aliwafundisha hata wengine. Kwenye karatasi yake hakuichora.

Alikunja kidole. Alipiga vizuri, hilo hata Mughwai alilikubali baadaye. Kifungo kilipita pembeni ya kizibo chekundu, kikakwaruza kona ya kiberiti, kikageuka, kikasimama ukingoni, juu ya alama ya chaki, kisidondoke.

Kuku walikuwa wanadonoa alizeti zilizomwagika na Dina hakuwafukuza.

"Zamu yako," Severina alisema.

Wakaendelea. Sasa Mughwai alicheza kweli. Alipuliza kidole kama zamani, na uso wake ukapata kitu ambacho Severina alikiona siku ile ya Manyoni. Walicheza karibu nusu saa. Mara mbili Severina alilikaribia goli, mara mbili Mughwai akaokoa. Mwisho kizibo chekundu kilitoka katikati, kikagonga kifungo ubavuni, kifungo kikateleza pembeni ya kiberiti cha Severina na kudondoka kwenye magunia. Tatu kwa mbili.

Maneno yalimtoka Severina kabla hajayapima. Mlango haukuwa laini kama ile meza. Kulikuwa na fundo la mbao pale kushoto. Vizibo vilikuwa vimepata vumbi la njiani. Mkono wake ulikuwa bado unatetemeka kwa mtikisiko wa basi. Mughwai alisikiliza yote kwa heshima, akiitikia kila moja, mpaka Severina akasikia mwenyewe anavyosema, kama Leonidas akipekua karatasi kutafuta mahali palipokatazwa. Akanyamaza.

"Turudie?" Mughwai aliuliza.

"Hapana." Alitamani kurudia kuliko kitu chochote. "Huo ndio uliokuwa mchezo. Umenifunga."

Dina alipika ugali wa uwele na kuku, wakala. Mughwai alikuwa mwenye maneno mengi ghafla, akieleza jinsi alivyouona ule mwanya wa mwisho, na Dina akacheka akasema kwamba hajamsikia mumewe akiongea hivyo tangu ghala lifungwe. Severina aliitikia, akala, akashukuru. Walimsindikiza hadi barabarani na debe la alizeti na jogoo aliyefungwa miguu. Alipopanda basi alikaa dirishani, na njia nzima hadi Manyoni alikuwa akimsogeza golikipa yule kichwani mwake: kidole kimoja kulia, akitafuta pigo lingine ambalo lingepita. Lilikuwepo. Alilipata walipofika Issuna, na kulipata kulimuuma kuliko kukosa.

Manase alimpokea stesheni. Aliangalia jogoo, akaangalia uso wa mkewe. "Vipi?"

"Nimefungwa. Tatu kwa mbili."

"Kwa haki?"

"Kwa haki."

Manase alichukua debe la alizeti akaliweka begani. "Basi limekwisha," alisema, na Severina hakumjibu, kwa sababu halikuwa limekwisha, ila limebadilika jina.

Kesho yake treni ilichelewa. Alphonce na wenzake walikuwa barazani mapema, pamoja na abiria wawili waliokwisha kusimuliwa. Walitaka kusikia. Severina, mkasi mkononi, mbele yake shati la mtumba la mtu mnene lililotakiwa kumwenea mtu mwembamba, aliwaambia kwa ufupi. Alipiga, akakosa, akafungwa.

Walimtazama.

"Kwake mwenyewe?" Alphonce aliuliza. "Juu ya meza yake?"

"Juu ya mlango."

"Mlango!" Alphonce aliwageukia abiria. "Mnasikia? Mtu kasafiri siku nzima, kawekewa mlango! Na mkewe alikuwepo?"

"Alikuwepo. Lakini Alphonce—"

"Wawili kwa mmoja. Wamemwonea tena mama yetu."

"Hakuna aliyenionea. Alimsogeza golikipa, nikakosa. Kanuni inaruhusu."

"Kamsogeza golikipa!" mmoja wa abiria alisema kwa mshangao, na mwenzake akatikisa kichwa kwa masikitiko, na barazani wote wakaanza kuongea kwa pamoja kuhusu dhuluma za watu wa Ikungi.

"Nimesema nimekosa!" Severina alipiga mkasi mezani. "Mimi! Kwa kidole changu hiki!"

Waliinamisha vichwa kwa heshima. Kisha Alphonce akamwinamia yule abiria wa kwanza, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Ndivyo alivyo. Mpole sana. Hawezi kumsema mtu."

Severina aliwatazama mmoja mmoja. Halafu akalivuta lile shati, akatafuta mshono wa ubavuni, akaanza kulifumua.